Mlo wa Jemadari na Tabu

Jumatatu, 7 Julai

Asubuhi. Jemadari: sima ya ukubwa wa ngumi, dagaa wa kuchemsha, maji. Tabu: sima, dagaa, yai. Jemadari alimaliza kabla sijanyoosha mgongo. Tabu alilamba yai, akaiacha sima, akaenda nyuma ya choo kula udongo.

Naandika haya kwa amri ya Daktari Mwanajuma, daktari wa mifugo kutoka Malindi. Alikuja Jumamosi kuwachanja. Akamtazama Jemadari, akasema, "Mzee wangu, huyu si mbwa tena. Huyu ni kochi." Tulimpandisha kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilo arobaini na moja. Hafai kuzidi thelathini. Magoti yatamshinda, na moyo pia. Kisha akamgeukia Tabu, mbavu zote nje, akauliza mbona mmoja anakula vya wawili. Akaniambia ninunue daftari, niandike kila kinachoingia midomoni mwao, hata kikiwa jiwe. Na nimpelekee kinyesi cha Tabu kwenye chupa akipime.

Chupa bado. Naona kinyaa.

Miaka thelathini na moja nimepika hotelini hapa Watamu. Wageni walikuwa wakiniita mezani wanipe mkono. Leo naambiwa sijui kulisha mbwa. Imeniuma.

Na mbwa wenyewe si wangu, ni wa Sidi, mke wangu. Yuko Ganze tangu Mei, anamuuguza mamake aliyevunjika nyonga. Huyu Tabu, Sidi alimwokota njiani Jilore, ndani ya gunia, hata macho hayajafunguka. Alimlea kwa maziwa ya kijiko. Aliponiachia alisema neno moja tu: "Niwakute."

Jumatano, 9 Julai

Jemadari: nusu ya sima ya juzi. Maboga ya kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta. Alinitazama kama niliyemtukana. Tabu: dagaa kidogo. Vipande viwili vya makaa kutoka kwenye jiko. Vimepoa, alhamdulillahi.

Sidi alipiga simu. Kule kwao mpaka apande kilimani ndipo apate mtandao, kwa hiyo huhema anapoongea. Aliuliza wanakula? Nikasema wanakula. Si uongo. Si kweli pia.

Ijumaa, 11 Julai

Tabu: sabuni ya kipande, robo. Majivu. Udongo wa pale pale nyuma ya choo, ameshachimba shimo la kuingia kichwa.

Bi Rukia alimwona. Ni jirani yetu, mama wa miaka sabini na ushei, kila alfajiri anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwake. Mbwa hawagusi, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Alisimama ng'ambo ya ua akasema, "Kahindi mwanangu, huyo ana safura. Hata binadamu akiishiwa damu kwa safura hula udongo."

Nikamwambia huyu ni mbwa, Bi Rukia, si mwari. Nilijibu vibaya. Sikuwa na sababu, ila nimechoka kufundishwa.

Jumatatu, 14 Julai

Wiki nzima ya maboga. Wiki nzima ya kutembea naye hadi njia panda na kurudi, ulimi nje, watu wakicheka. Nimempeleka mizanini nikiwa na matumaini kabisa.

Arobaini na moja na nusu.

Ameongezeka! Mnunuzi wa vyuma alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kuna mtu anamlisha.

Jumanne, 15 Julai

Nimelala nikiwaza, nimeamka nina jina. Bi Rukia. Nani mwingine ana mahamri yanayobaki kila siku? Na Jemadari kila asubuhi analala ubavuni mwa ua wake, pua kwenye tundu.

Nilikwenda nikamwambia mbele ya wateja. Sikumwamkia hata shikamoo. Nikasema anamuua mbwa wa mke wangu kwa mahamri. Aliweka mwiko chini. Akasema polepole, "Mimi mbwa wako sijamtupia hata chembe. Ningemtupia ningesema, kumpa kiumbe chakula si aibu. Lakini kunisimamisha mbele ya watu na kunisingizia, hiyo ni aibu, na si yangu."

Nikaondoka. Nilijiona nimeshinda kwa muda wa hatua kumi hivi.

Alhamisi, 17 Julai

Jemadari: maboga. Tabu: nusu yai, kamba ya katani.

Bi Rukia hanisemeshi. Asubuhi alikuwa akiniletea mahamri mawili kwenye kisahani tangu Sidi aondoke. Leo siku ya pili sijaona kisahani. Nilikunywa chai kavu.

Jemadari alishindwa kupanda ngazi za baraza. Ngazi tatu. Alisimama akatazama juu, akatazama chini, akalala pale pale juani. Nilimsukuma kwa nyuma. Alinguruma, yeye ambaye hajawahi kuninguruma. Naogopa. Sidi akirudi atamkuta amekufa, na mwingine mifupa mitupu, na mimi nimeshiba.

Jumamosi, 19 Julai

Nimempata mwizi. Ni mimi.

Kila siku nakuna nazi mbili. Nipo peke yangu, mchuzi wangu ungetosha robo ya nazi, lakini mkono wangu ni wa hotelini, haujui kidogo. Nachuja tui, machicha namwaga kwenye migomba nyuma ya jiko. Leo nilirudi kuchukua kifumbu nilichokisahau. Jemadari alikuwa kwenye migomba, miguu ya mbele shimoni, anakula machicha kwa utulivu wa mtu anayekula kwake. Pua nyeupe, masharubu meupe.

Machicha sikuyaandika hata siku moja. Sikuyahesabu kuwa chakula. Nazi mbili kila siku tangu Mei! Na ubavuni mwa ua wa Bi Rukia alikuwa akilala tu, ametosheka, kwa sababu ndipo penye kivuli asubuhi.

Nilikaa kwenye mbuzi ya kukunia nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika. Yule mama nimemvunjia heshima mbele ya watu.

Nilitoka mara mbili niende nikamwombe radhi. Mara zote mbili nilirudi mlangoni. Mwoga.

Jumapili, 20 Julai

Machicha nimefukia, na juu nimeweka bati na mawe. Nazi leo nusu. Jemadari amezunguka lile bati kama aliyefiwa.

Mpwa wangu alileta mahindi mabichi kutoka Jilore. Nilichemsha, nikala manne. Matamu. Magunzi nikayatia kwenye ndoo.

Kwa Bi Rukia sijaenda.

Jumatatu, 21 Julai

Jemadari: maboga, samaki kidogo. Tabu: hakula kitu. Hata udongo hakula. Nilifurahi. Niliandika hapa "amepona udongo" halafu nimekata. Mjinga mimi.

Saa kumi alitapika povu. Mara tano. Nikaenda kwenye ndoo. Magunzi matatu, na nilitia manne.

Jumanne, 22 Julai

Naandika nikiwa Malindi, kwenye benchi la nje la Daktari Mwanajuma.

Alfajiri Tabu hakuweza kusimama. Tumbo gumu kama ngoma. Nilimpigia daktari, akasema, "Mlete sasa hivi, usimpe hata maji." Nikambeba hadi barabarani. Tuktuk ya kwanza ilisimama, ikaona mbwa, ikaondoka. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu haikusimama.

Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga.

Nilisimama mbele ya Bi Rukia na Tabu mikononi. Wateja walikuwepo, wale wale. Nikasema, "Shikamoo Bi Rukia. Nilikusingizia. Aliyekuwa akimlisha ni mimi, kwa machicha yangu mwenyewe. Nisamehe. Na huyu anakufa." Nilisema yote kwa pumzi moja.

Alimgeukia mwanawe Twalib, ambaye huendesha tuktuk na alikuwa akinywa chai. "Twalib, tandika gunia. Mpeleke Malindi."

Twalib alisema, "Mama, mate ya mbwa hayo."

"Utaosha mara saba, moja kwa mchanga. Maji yapo. Nenda."

Nililia ndani ya tuktuk. Twalib alitazama mbele tu, Mungu ambariki.

Daktari alivuta fizi za Tabu. Nyeupe kama karatasi. Akamtoa damu kidogo, akatazama, akaniita pembeni. "Mzee wangu, kuna kitu kimeziba utumbo. Lazima nimpasue. Lakini huyu damu hana. Nikimpasua hivi hataamka." Akafikiri. Kisha akauliza, "Yule kochi yuko wapi?"

Mbwa mkubwa aliyechanjwa anaweza kumchangia mwenzake damu. Sikujua. Nilifikiri ananitania.

Twalib alirudi Watamu kumchukua Jemadari. Aliniacha hapa nisiondoke kwa Tabu. Nimekaa saa moja na nusu nikimshika sikio. Sikio la baridi.

Sasa Twalib amefika. Jemadari ameteremka kwenye tuktuk kama mheshimiwa. Twalib anasema aligoma kabisa kupanda, watu watatu hawakumweza. Ndipo mamake akaleta hamri, akalirusha kiti cha nyuma. Akapanda mwenyewe. Bi Rukia alimwambia Twalib, "Mwambie Kahindi, leo ndiyo nimemlisha."

Wamemwingiza ndani.

Baadaye. Saa tisa. Ametoka. Anapumua. Daktari alinionyesha gunzi kwenye sinia, kipande cha urefu wa kidole changu. Nilishika ukuta.

Jemadari amelala sakafuni, paja limenyolewa, anakoroma.

Jumatano, 23 Julai

Tabu amebaki kwa daktari. Jemadari nimerudi naye. Ngazi za baraza amepanda, kwa kujivuta, lakini amepanda.

Nilimpigia Sidi mara sita bila kumpata. Mchana akapiga yeye. Nikamwambia yote. Sabuni, chupa ambayo sikuipeleka, gunzi, machicha, Bi Rukia. Sikuacha kitu. Upande wa pili ulivuma upepo wa kilimani. Nikajua nimekwisha.

Akauliza, "Anapumua?"

"Anapumua."

"Wewe umekula?"

Nilidhani atanigombeza. Angenigombeza ingekuwa rahisi zaidi.

Ijumaa, 25 Julai

Tabu yuko nyumbani. Mshono kuanzia kifuani hadi chini, nimemvalisha fulana yangu ya zamani asiulambe. Kinyesi kimepimwa. Minyoo ya safura, mingi. Imekuwa ikimnyonya damu muda wote huo, na mwili ukawa unatafuta chuma kwenye udongo na makaa. Daktari amempa dawa ya minyoo, na amempaka ya kupe. Udongo wa nyuma ya choo niumwagie maji ya moto, niuzungushie ua. Nimeshafanya.

Bi Rukia alisema ni safura kwa kumtazama tu, kutoka ng'ambo ya ua. Nilikwenda kumwambia. Mara hii kwa utaratibu, na kanzu ya Idd ya marehemu baba, maana sikuwa na nguo nyingine ya heshima iliyo safi. Alinitazama juu mpaka chini. "Kahindi, umekuja kuposa?"

Wateja waliangua kicheko, na mimi nikacheka. Kifua kilifunguka. Sijui nilikuwa nimekibana tangu lini.

Jumatano, 30 Julai

Jemadari: maboga, samaki, mchicha. Tabu: maini, yai, uji. Tena maini. Kisha akalala. Udongo hakuutazama.

Mizanini. Jemadari arobaini kasoro robo. Tabu kumi na tatu na nusu. Mnunuzi wa vyuma alinipa mkono. Nimefurahi kuliko siku ile meneja wa hoteli alinizawadia saa.

Jumapili, 3 Agosti

Sidi amerudi. Mamake anatembea kwa mkongojo, dadake amempokea zamu. Aliteremka njia panda saa sita na kapu la embe mbichi. Amekonda. Jemadari alikimbia kumlaki. Alikimbia kweli, kwa miguu yake mwenyewe. Tabu alitetemeka mwili mzima, akakojoa miguuni pake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Sidi aliinua fulana ya Tabu, akaukagua mshono kwa kidole, akaishusha. Akaomba maji ya kunywa.

Nilipika wali kidogo na mchuzi wa samaki changu. Watu wawili, sufuria ndogo. Haukubaki.

Sasa amelala barazani juu ya mkeka, na kanga yake ya safari hajaivua. Miguu ina vumbi jekundu la Ganze mpaka kwenye vifundo. Tabu ameweka kidevu juu yake. Jua linazunguka upande huu, limeshamfikia usoni. Nimesogeza kiti changu kumkinga.