Chai ya Jumamosi, Saa Kumi

Moshi mjini, 8 Machi 1954

Ndugu yangu Aminieli,

Salamu nyingi. Mimi mzima, cherehani nzima, ila Mama hali yake mbaya, na ndiyo iliyonipandisha Marangu jana. Ukanipokea getini kama mchuuzi! Ati una wageni wazungu wanakunywa chai, ati ningeandika kwanza. Shemeji Ndelilio akanipa maziwa nyuma ya jiko, nikanywa nimesimama, nikarudi.

Nilichotumwa sikupata kukisema. Daktari ametuambia tumtunze tu nyumbani. Mama hataki dawa wala uji, anakutaka wewe. Miaka minne ya shule ulikaa kwetu, tukilala kitanda kimoja, ukila vitumbua vyake kila asubuhi, na mpaka leo akiulizwa ana watoto wangapi husema wawili. Njoo umwone akiwa hai.

Nduguyo,
Seleman

Marangu, 13 Machi 1954

Ndugu Seleman,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku hatujambo, mvua imeanza. Habari za Mama zimenisikitisha, mpe shikamoo yangu.

Lakini Jumapili ulinifedhehesha. Ulipiga hodi kwa sauti ya sokoni mbele ya mkaguzi wa shule, na yeye ndiye atakayesema kama nitakuwa mwalimu mkuu. Si uliniomba nikufundishe Kiingereza kwa barua? Basi somo ni hili, juzi nimelifundisha darasani. Mwingereza akitaka kukutana na rafiki yake hamvamii. Humuuliza kwanza kama ana nafasi. Humtajia siku, saa, na jambo jepesi kama chai au matembezi. Shida zake hazitaji, wala halazimishi. Husema ukiwa na shughuli, usijali. Niandikie mwaliko wa namna hiyo, nami nitakuja.

Nduguyo,
Mwalimu Aminieli

Moshi mjini, 18 Machi 1954

Mwalimu wangu,

Hamjambo wote huko? Kiingereza kiko nyuma ya karatasi, nimekirudia mara tatu. Kiswahili chake hiki:

Ndugu Aminieli, je, utakuwa na nafasi Jumamosi tarehe 27, saa kumi alasiri? Tumefikiria kunywa chai, wewe, Mama na mimi. Tutafurahi kukuona. Ukiwa na shughuli, usijali.

Haya, nimefanya ulivyotaka. Mama nimeshamwambia unakuja.

Nduguyo,
Seleman

Marangu, 26 Machi 1954

Ndugu Seleman,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Hongera! Nimekupa nane kwa kumi. Umenifurahisha hasa kwa kuwa hukulalamika hata kidogo.

Bahati mbaya Jumamosi hiyo mkaguzi ametualika walimu matembezi ya kwenye maporomoko. Tuseme baada ya Pasaka. Zoezi linalofuata ni jibu la rafiki aliyeahirishiwa. Kumbuka, hanuni.

Nduguyo,
Mwalimu Aminieli

Moshi mjini, 2 Aprili 1954

Aminieli,

Sikuulizi hali. Barua yako ilifika Jumatatu, Jumamosi yenyewe imeshapita.

Siku hiyo Mama aliomba aogeshwe mapema. Mke wangu Mwantum akamvika kanga mpya, tukamkalisha barazani kwa mito. Saa kumi ikapita. Magharibi nikamwambia tuingie ndani, akasema basi la Marangu huchelewa mvua ikinyesha, na tusiimalize chai yote. Tukakubakizia. Barua yako sikumsomea, nilimwambia gari limeharibika njiani. Jumanne alfajiri alifariki, adhuhuri tukamzika.

Watu walijaa mpaka barabarani, na sikumwandikia hata mmoja. Filemon yule dobi, Mlutheri mwenzako, aliacha pasi yake na nguo za watu, akashika jembe makaburini mpaka mwisho.

Najilaumu, tena sana. Ningepanda tena Marangu nikakuvuta shati mbele ya huyo mkaguzi wako, ungekuja, hata kwa aibu ungekuja. Badala yake nilikaa na kalamu nikijifunza adabu, na mama yangu anakwisha ndani. Hilo sitalisamehe, langu wala lako.

Zoezi lako hili hapa. Nimenuna. Arobaini usije. Nimekwambia kwa Kiswahili, usipate cha kusahihisha.

Seleman Abasi,
fundi cherehani