Vyuma Vitatu Ndani ya Sufuria

Jumapili, 5 Oktoba 2025. Jeddah

Leo nimepanda juu ya paa na nimeshuka mtu mwingine.

Miezi saba nimesafisha nyumba hii ya Aziziya, vyumba vyote isipokuwa kile cha juu. Baba Ghalib hukifunga na funguo hulala naye mfukoni. Leo Bi Mashavu, mkewe, amesema halas, basi imetosha, vumbi la huko litamuua mumewe kwa kikohozi. Kaninyooshea ndoo na ufunguo wa akiba. Nikapanda.

Nilidhani nitakuta magazeti ya zamani. Nikakuta mashine ya kukereza chuma! Ndefu kama kitanda cha mtoto, inang'aa kuliko jiko langu. Baba yuko mbele yake, kipande cha chuma kinazunguka, anakisogezea kisu polepole, na maganda yanatoka yakijikunja, rangi ya buluu. Huyu ni mzee ambaye mezani huitwa mara tatu ndipo ageuke. Pale juu alisikia kitu ambacho mimi sikukisikia, akazima. Akasema bado kiasi cha unywele. Akapima — kweli, unywele.

Kaka yangu Alfayo ni fundi wa kuchomelea mageti, Kitale. Fundi mzuri, simsengenyi. Ila yeye hupima kwa jicho na kumalizia kwa nyundo.

Nilifagia robo ya chumba. Muda uliobaki nilisimama tu na ufagio, mdomo wazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejua anachotengeneza.

Nimempelekea kahawa, amenionyesha kipande kilichobanwa kwenye jiliwa. Kizito, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, kimelainishwa kwa tupa mpaka unajiona ndani.

"Wajua hichi nini, Valary?"

"Sijui, baba."

"Bunduki ya babangu."

Akaniambia yote, mimi nikiwa nimesahau sufuria motoni. Baba yake alikuwa msasi Pemba, mmoja wa wale waliowinda nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mihogo ya watu. Kazi ya Ghalib mdogo ilikuwa kuipaka bunduki mafuta kila Ijumaa. Walipoondoka Pemba wakati wa mapinduzi, mwaka sitini na nne, alikuwa na miaka minane. Bunduki ilibaki imetundikwa nyuma ya mlango. Hana picha, hana karatasi. Anaitoa kichwani, mstari kwa mstari, na anasema kila skrubu anaijua kwa kidole. Miaka sitini na moja! Mimi nguo niliyovaa siku ya kuondoka Kitale siikumbuki.

Anaunda sehemu ya katikati, ile inayoshika mtutu upande huu na kitako upande ule. Vitatu vimemharibikia. Hiki ni cha nne.

Nikamuuliza kama si makosa. Akacheka mpaka akakohoa. "Hichi si bunduki, mwanangu. Mtutu hakina, kitako hakina, hata tundu moja hakina. Chuma tu. Siku kitapokwisha ndo tuulizane."

Nikakubali. Chuma kisicho na tundu kitampiga risasi nani?

"Na hivi vilivyoharibika?"

"Tupa."

Sikuvitupa. Vimeharibika kwa macho yake tu. Mimi sikuona kosa. Nataka Alfayo avishike aone mkono wa fundi, aache kujisifu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku yangu ya kutoka. Nimeenda mtaa wa Sharafiya baada ya alasiri, na Peris. Peris ni wa Nyahururu, anafanya kazi nyumba moja kule Al-Nuzha. Tulikuja na ndege moja, sasa ni dada yangu.

Katoni yangu imejaa hatimaye. Imekaa kwa Josphat wa kago, anayesafirisha mizigo yetu Kenya, tangu Julai, na kila Ijumaa nimeongeza kitu. Sisi wote tuko hivyo. Kila wanachoacha kutumia matajiri wetu, sisi tunakiona tayari Kenya: shuka zilizofifia, viatu vya watoto waliokua, masufuria ya Bi Mashavu. Nikavifunga vile vyuma vitatu kwa kanga yake kuukuu visikwaruze sufuria, nikavitia kwenye sufuria ndogo, nayo ndani ya kubwa, nikaziba na taulo. Vimekaa vizuri sana. Kwenye orodha Josphat aliniuliza sufuria zina nini ndani. Nikasema andika vyombo.

Akafunga, akapiga muhuri, nikaandika jina langu kamili na namba ya ikama, kile kitambulisho cha ukaazi, kwa kalamu nene. Lori la kwenda bandarini ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Alfayo nimemtumia ujumbe kwamba kuna kitu kinakuja kitakachomnyamazisha.

Jumatatu, 13 Oktoba. Riyadh

Tumekuja kumtembelea Yazid, mtoto wao, na mkewe Rania. Hewa hapa ni kavu, midomo imepasuka siku ya kwanza. Rania ametupandisha mimi na watoto kwenye metro. Treni haina dereva. Nilikaa siti ya mbele kabisa nikaangalia reli inavyokuja yenyewe. Watoto walinicheka. Wacheke.

Jumanne, 14 Oktoba

Naandika mbiombio, mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Chakula cha mchana. Nilikuwa napakua wali. Yazid ni wakili, na anapenda kusimulia kesi mezani. Leo: mtu mmoja amekutwa na kipande cha bunduki nyumbani. Hakijatobolewa, hakijaisha. Akajitetea kwamba hiki bado si silaha. Yazid akasema hakuna aliyemsikiliza, maana sheria ya hapa inahesabu na sehemu zake, na mtu akiunda bila kibali, hata chumbani kwake, ameshaunda. Ni kifungo, na si cha miezi. Kwa mgeni, akimaliza, anafukuzwa nchini. Bi Mashavu alimwomba arudie kwa Kiswahili, hakuamini. Akarudia. Akasema ziko nchi ambazo watu wazima, na digrii zao, wanabishana mahakamani ni tundu la ngapi linalogeuza chuma kuwa bunduki.

Baba Ghalib akaweka kijiko chini.

Mimi nilisimama na bakuli. Nimestaajabu na mpaka sasa nastaajabu. Vile vyuma havijabadilika hata kidogo. Viko palepale, kimya, ndani ya sufuria, Sharafiya. Na vimekuwa bunduki tatu mimi nikiwa na upawa mkononi. Zimefungwa kwa nguo. Zimefichwa sufuria ndani ya sufuria. Orodha inasema vyombo. Jina langu juu, herufi kubwa.

Ningekuwa askari, mimi mwenyewe ningejikamata.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimempigia Peris, nimejifungia chumba cha kufulia. Nikamwambia aende kwa Josphat akaombe ile katoni, aseme nimesahau kitu. Akaniuliza kitu gani. Nilipovuta pumzi ya kumjibu akanikata: "Vala, usiniambie. Kama ni kitu ya kuvutia pumzi hivyo, mimi sitaki kujua."

Alienda hata hivyo. Amenirudishia simu saa tisa. "Amekataa katakata. Ati ikishapigwa seal inafunguliwa na mwenyewe tu, ikama mkononi. Nimembembeleza, wapi! Anasema Jumamosi asubuhi inatoka, na huko port kila box inapita kwa mashine."

Mashine inayoona ndani ya sufuria. Hata hiyo ningeistaajabia siku nyingine.

Tunarudi Jeddah Ijumaa asubuhi. Kwa hiyo nina jioni moja. Lakini nitamwambiaje baba anipeleke? Nikimwambia, nimemwambia kwamba sikutupa. Nisipomwambia, nitaenda mwenyewe, nitafunguliwa katoni mbele ya watu, halafu nitatembea na bunduki tatu kwenye mfuko wa plastiki mpaka wapi?

Mama anameza dawa zake za presha akijua mimi niko salama. Naogopa. Naandika hivyo wazi, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemwambia.

Alikuwa peke yake sebuleni. Nilikaa chini kwenye zulia, nikasema yote kwa pumzi moja: Alfayo, kanga, sufuria, orodha, Jumamosi. Nilitegemea kofi au kelele. Akauliza: "Vyote vitatu? Hata kile kilichopinda ubavuni?"

"Hata hicho, baba."

"Lahaula. Kile kibaya mno, wampelekea fundi?"

Nikacheka huku nalia. Naye akafunika uso kwa viganja, nikaona mabega yanashuka. Akasema kosa ni lake, alinifundisha uongo. Akasema niende nikapumzike, atazungumza na Yazid.

Sikupumzika. Nilikuwa jikoni. Baba na Yazid walianza kwa Kiarabu pale sebuleni, kisha Rania alipoingia kuchukua maji wakahamia Kiswahili, maana Rania hakijui. Walimficha Rania. Mimi walinisahau.

Yazid alimwambia baba yake asisogee kule. Jina lililoandikwa ni la Valary, katoni ni ya Valary, mkono uliofunga ni wa Valary. Hakuna karatasi hata moja yenye jina la Ghalib. Akifika nyumbani afungue mashine vipandevipande, atupe kila kitu, na ikija kuulizwa, hajui. Hakusema kwa ubaya. Sauti ilikuwa inakatika. Alisema: baba, una miaka sitini na tisa, hutatoka.

Sikusikia jibu la baba.

Yazid alipokuja kuomba chai alinitazama kidogo, akanishukuru kwa jina. Hajawahi.

Ijumaa, 17 Oktoba. Ndani ya gari, Sharafiya

Saa kumi na moja kasoro. Naandika hapa kwa sababu nikikaa bure nitapiga mayowe.

Kwenye ndege baba alisoma gazeti mpaka Jeddah. Nyumbani alikula, akaswali, akalala mchana kama kawaida. Nikajua amemsikiliza mwanawe. Sikumlaumu, ni damu yake. Nikaanza kukunja nguo zangu, sijui kwa nini, kama vile huko ninakoenda watanipa begi.

Baada ya alasiri akagonga mlango wa jikoni. "Chukua ikama yako, twende."

Njiani ndipo akaniambia. Amewapigia simu askari yeye mwenyewe. Amewaambia waje ofisi ya kago, amewaambia na habari ya chumba cha juu, na cha nne kilichobanwa kwenye jiliwa. Bi Mashavu anajua. Yazid hajui, yuko Riyadh, atajua ikishakwisha. "Wakikikuta wao, ni chako. Nikiwapa mimi, ni changu. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu. Sikufahamu. Mpaka sasa sifahamu mtu anafanyaje hivyo kwa mtumishi wake wa miezi saba.

Tulipoegesha aliomba ikama, akaingia nayo kwa Josphat ili katoni ifunguliwe. Baada ya dakika tano akatoka, akanirudishia dirishani. Josphat amekubali bila hiyo, kwa kuwa askari wawili wameshafika. Akasema nifunge milango nisitoke, hata nikiitwa na nani, mpaka yeye aseme.

Naona kupitia kioo cha ofisi. Katoni iko mezani, imepasuliwa. Sufuria kubwa, sufuria ndogo, kanga. Vyuma vitatu vimepangwa mstari. Askari mrefu anasoma jina kwenye kifuniko. Ananyoosha kidole huku nje. Baba anatikisa kichwa, anajigonga kifuani.

Josphat amenitumia ujumbe: "Hawamwamini. Wanasema mzee anakuficha. Wanasema hii ni kazi ya kiwanda, mzee kama huyu hawezi."

Hawezi!

Mrefu anaongea, baba anasikiliza. Sasa baba amekichukua kimoja. Kile kilichopinda, nadhani. Amevaa miwani. Anakigeuza kwenye mwanga, anaonyesha kwa kidole cha shahada: hapa, hapa, halafu hapa. Amemshika askari mkono, anampitisha kidole kwenye chuma asikie pale kilipopinda. Askari ameinama. Ametoa tochi ya simu. Josphat naye ameinama. Vichwa vitatu juu ya chuma kimoja, na baba katikati anaeleza jinsi alivyokosea, kila kosa, polepole, asiwaachie hata moja la kunipa mimi.

Sijawahi kumwona amefurahi hivi. Mungu wangu, amefurahi.

Askari wa pili hatazami chuma. Ametoka mlangoni, anavuka barabara kuja huku kwenye gari. Milango nimefunga. Baba hajamwona, bado anawaonyesha makosa yake. Askari anagonga kioo; sifungui mpaka baba aseme.