Neno Nililolisema Kwenye Feri

Mama mpendwa,

Baridi ya Nyeri inakuruhusu kutoka jikoni? Huku ziwani jua ni kali, na jana nilimaliza samaki mzima peke yangu.

Leo kwenye feri ya Mbita niliwasomea abiria ile riwaya uliyonipa, ya muuguzi mlokole na baharia kwenye meli kubwa ya zamani. Ouma, yule mwalimu mwenzangu ninayekusimulia habari zake kila mara, alikaa kando yangu. Baharia alipopiga goti kumposa muuguzi baada ya maombi, mama mmoja muuza dagaa wa omena akashindwa kuvumilia: "Huyo msichana anangoja nini? Si aseme ayie!"

Sikulijua hilo neno. Nikamgeukia Ouma, nikauliza kwa sauti, "Ayie?"

Feri nzima ikapiga vigelegele. Kumbe kwa Kijaluo ni "nimekubali"! Yule mama akamshika Ouma mkono: "Bwana, umesikia? Peleka ng'ombe kwao!"

Ouma alicheka mpaka machozi, kisha akanitazama bila kucheka tena. "Niwaambie umekosea?"

Nikafunga kitabu, nikalisema tena, polepole.

Mungu akutunze, Mama. Ongeza maziwa kwenye chai, siji peke yangu.

Wako,
Wanjiru