Mkwe Amekimbia Makaburi ya Kihamba Chetu

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, ndivyo ninavyoona mimi, basi marahaba, naomba unisaidie upesi maana Krismasi imekaribia. Mimi ni mzee wa huku Uru, nina darasa la nne la mkoloni, lile linaloshinda kidato cha nne cha siku hizi, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijawahi kuomba ushauri kwa mtu, watu ndio huja kwangu.

Jambo lenyewe ni mkanda wa video. Tangu serikali iruhusu kila mtu alete bidhaa anayotaka tumeletewa mitumba, tumeletewa sabuni za rangi, na sasa kuna banda la video linaloonyesha picha Jumapili baada ya misa ya pili, na mwezi uliopita walitangaza picha moja ya zamani ya mizimu, wakasema ni maarufu dunia nzima na huko kwingine watu walizimia, mimi nikasema huyo wa kunizimisha bado hajazaliwa, nikamchukua mke wangu Bernadetha na mkwe wangu Doris, mke wa Julius kitinda mimba wangu, tukakaa benchi la mbele kabisa. Picha yenyewe ni hivi: Wazungu wamerithi nyumba, babu yao amezikwa bustanini, wao wakaondoa kiti chake sebuleni wakakitupa stoo, babu akakasirika akawa anatoka kaburini kukitafuta, milango inajifunga, vikombe vinavunjika, mama wa nyumba analia, na kijana anayetafsiri analia kuliko huyo mama. Watu walijifunika khanga mpaka kichwani. Mimi nilicheka, nikasema kwa sauti bandani mle, "Sasa hawa wanaogopa nini? Mtu kuzikwa nyumbani kwake ndiyo ajabu?" Maana sisi huku, mshauri, kila mtu amezikwa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani alilorithi, katikati ya migomba, marehemu baba yangu Melkior yuko hatua nane kutoka dirishani, babu yuko nyuma ya zizi, tunawapalilia na kuwapitia kila siku, na hakuna kati yao aliyewahi kugusa kikombe.

Tulipotoka nje kila mtu akatoa maoni yake. Katekista alisema padri wa kwenye picha alichelewa mno, angekuwa wa parokia yetu angefika na pikipiki kabla kikombe cha pili hakijaanguka. Bernadetha alisema nyumba ile haikuwashwa moto jikoni tangu picha ianze mpaka iishe, marehemu atakosaje kurudi kuuliza mnakula nini. Doris yeye alicheka tu, akasema, "Baba, si wamempaka unga usoni? Mikono wamesahau." Hakuogopa hata kidogo, nalisema hilo kwa sababu wewe ni mshauri na lazima usikie yote.

Kutoka pale wanawake wakaenda nyumbani, mimi nikaenda kilabuni kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na huko nikamkuta Filemon, huyu alikuwa karani wa chama cha msingi na mpaka leo anaongea kana kwamba tumepanga foleni mbele yake. Akasema Wazungu wametushinda hata kwa mizimu, ya kwao ina nguvu, ya kwetu imelala tu.

"Imelala ya nani?" nikamwuliza.

"Ya kwenu. Huyo Melkior wenu ana miaka ishirini na tano ardhini, amefanya nini cha maana?"

Watu wakacheka. Mshauri, kicheko kile ungekisikia wewe ungefanya kama mimi. Nikasimama, nikasema Melkior hutoka kila msimu wa kahawa, anapita shamba lote mche kwa mche, anapapasa kahawa kama imeiva, nami humwamkia, shikamoo baba, naye ananiitikia.

Filemon akasema, "Kahawa tu? Wa kwenye video alivunja kabati zima."

Hapo nikaongeza kidogo. Nikasema juzi baba alisimama kwenye dirisha la chumba cha Doris, akamtazama mjukuu wangu Onesphory amelala, akasema, "Huyu ni wangu, siku moja nitamchukua nitembee naye." Kilabu kizima kikanyamaza. Filemon akaweka kata ya mbege chini bila kunywa. Tangu nizaliwe sijawahi kunyamaziwa namna ile.

Kumbe Doris alikuwa amesimama mlangoni, mtoto yuko mgongoni, ametumwa aniite nikale.

Asubuhi yake alifunga nguo zake kwenye khanga, akateremka kwao Kahe na mtoto, na huu ni mwezi sasa. Ametuma watu kusema harudi kwenye nyumba ambayo kaburi linamtaka mwanawe, ama tumhamishe Melkior, ama Julius awatafutie pa kuishi. Na Julius ameniandikia kutoka Tanga anakofanya kazi, barua ya mistari mitatu kama simu ya upepo: "Baba, kama ni kweli mwanangu hakai hapo. Kama si kweli mwambie Doris wewe mwenyewe. Nikija Krismasi nikikuta bado hujamwambia, najenga Kahe." Kitinda mimba, mshauri! Ambaye nyumba ni yake kwa mila yetu, akajenge Kahe kwenye mbu! Na sisi wazee tubaki na nani? Majani ya ng'ombe aliyekuwa anakata ni Doris, sasa anabeba Bernadetha na goti lake lile.

Kosa ni la mkanda, hilo tumekubaliana. Na suluhisho nimelipata mwenyewe, nitachinja mbuzi pale kaburini, niite ukoo wote, niwatangazie kwamba nimeongea na baba na amekubali asitoke tena. Doris atatulia na heshima yangu itabaki. Lakini Bernadetha anakataa, anasema, "Nikoroge damu ya mbuzi nipike kisusio cha uongo? Utakipika mwenyewe," na tangu siku hiyo ananiwekea chakula bila kuniambia karibu. Mdogo wangu naye anasema nipeleke isale Kahe, hilo jani letu la kuombea msamaha, nikamwambia mzee mwenye mvi hambebei isale mke wa mtoto wake. Kwa hiyo naomba unijibu mambo mawili: mbuzi nimchinje kabla ya Krismasi au siku yenyewe? Na uandike gazetini serikali ipige marufuku mikanda ile, inavunja nyumba za watu.

Ni mimi, mzee nisiyetishika, Uru.

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka.

Hatujakubaliana kitu. Mkanda Doris aliutazama mpaka mwisho akatoka anacheka, umeniandikia wewe mwenyewe. Alichokimbia ni maneno ya mkwe wake, mtu anayemwita baba, aliyesema mbele ya kilabu kizima kwamba marehemu anamtaka mtoto wake wa mgongoni. Ungekuwa wewe ni mama ungelala chumba kile? Serikali ikipiga marufuku video zote, je, mdomo wako itaufanyaje?

Nakuonea huruma kwa jambo moja. Filemon alikosa adabu kumtania mtu kwa marehemu baba yake, na kuchekwa mbele ya wenzako kunauma hata ukiwa na mvi. Lakini angalia ulivyomtetea huyo baba. Mzee aliyelala na amani yake miaka ishirini na tano umemfanya mchungulia madirisha na mwizi wa watoto, ukapewa kimya cha dakika mbili, na kwa kimya hicho Bernadetha anapanda mlima na mzigo wa majani kichwani huku goti linamuuma. Yeye anakuwekea chakula bado. Mimi nisingeweka.

Sasa huyo mbuzi. Usimchinje kabla wala siku yenyewe. Hakuna mtu anayechinja kumtuliza marehemu asiyetoka, kwa hiyo siku utakayochinja ndipo Doris atakapojua kwamba alitoka kweli. Na mtoto akipata homa mwakani, ya malaria tu ya kawaida, ukoo mzima utageuka kulitazama kaburi, na Doris atakuwa ameshapanda gari. Wataka kuziba uongo mmoja kwa uongo wenye nyama na mchuzi. Bernadetha aliliona hilo mapema, bila darasa la nne la mkoloni.

Fanya hivi. Kesho majani ya ng'ombe ukakate wewe. Jumapili baada ya misa nenda kilabuni, Filemon akiwepo, na kabla hujagusa mbege waambie kwamba yale ya dirishani uliyatunga. Watacheka. Waache wacheke mpaka wachoke. Ni lazima uanzie hapo, kwa sababu ukimwambia Doris peke yake huko Kahe, siku atakayorudi wanawake mferejini watamwuliza kama mzee ameshatoka tena, na ataondoka upya. Jumatatu chukua isale uteremke. Unasema mzee hambebei mke wa mwanawe, lakini jani hilo hubebwa na aliyekosa, na katika barua yako nzima sijamwona mkosaji mwingine. Bernadetha akitaka kukusindikiza aende, asipotaka usimsukume. Kaburi liache lilipo.

Ukifika kwa wakwe zako usianze habari za picha, wala kiti cha babu wa Kizungu, wala nani alijifunika khanga na nani hakujifunika. Mpe Doris jani kwa mikono miwili, na wazazi wake wakisikia mwambie hivi: "Baba yangu hajatoka kaburini hata siku moja. Mimi ndiye niliyemtoa." Halafu unyamaze, mzee wangu, umwache Doris aseme, hata akikusema mpaka mtoto alale.