Nimemsikia Mke Wangu kwenye Skana

Mshauri wetu, nakuandikia kwa sababu nimekwama na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi redio, banda langu limeegemea ukuta wa nyumba yangu, na mwezi uliopita mteja aliniachia skana, ile redio ya kunasa mawasiliano ya watu, nikaitengeneza, na fundi akishatengeneza lazima ajaribu, nikazungusha kitufe taratibu, mara nikasikia sauti ya mke wangu. Alikuwa sebuleni kwenye simu yetu ya zamani isiyo na waya, anamwambia dada yake kwamba ana uvimbe kwenye titi, daktari anataka akatwe kinyama kikapimwe, yeye hataki kwenda, na “baba watoto asijue, huyo atachanganyikiwa bure.” Mshauri, bisibisi ilinidondoka. Nilipoingia ndani nilimkuta anakunja nguo, nikamwuliza habari za mchana, akasema nzuri tu, nikarudi bandani, maana nikisema najua ataniuliza nimejuaje, na huyu mwanamke akigundua namsikiliza atahamia kwa mama yake. Basi nimeendelea kusikiliza kila siku nijue kama amekwenda hospitali, na kwa kuwa sauti ilikuwa inakatika nikapandisha antena juu ya paa, nikamwambia ni ya televisheni, na yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia ngazi. Leo siku ya kumi na tisa, hajaenda. Halafu juzi ulimi ukateleza, nikampa pole mwalimu wa nyumba ya pili kwa kunyimwa uhamisho, kumbe hajamwambia mtu ila kaka yake kwa simu isiyo na waya kama yetu, ambayo skana ilikuwa imeinasa, sasa anasema atakwenda polisi. Lakini mimi sijakata waya wa mtu, mawimbi yanakuja yenyewe mpaka mezani kwangu, na simu za mkononi za siku hizi skana hata haizinasi, sasa kosa langu liko wapi? Na nitampelekaje mke wangu hospitali bila yeye kujua nilivyojua?

Fundi aliyekwama

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeiweka chini nikazunguka chumba kwanza.

Pole kwa habari za mama watoto. Pole hiyo ni ya moyoni, na imeishia hapo. Sheria katika nchi nyingi haiulizi kama umekata waya, inauliza kama mwenye simu alikuruhusu. Kusikiliza kwa makusudi ni kosa, kuyatoa nje uliyoyasikia mara nyingi ni kosa lingine, na pengine hata kifaa chenyewe kinataka kibali. Siku ya kwanza ulikuwa unajaribu kazi, nakubali. Siku ya pili ulikuwa unajaribu nini? Na antena je? Usiniletee habari za mawimbi hapa.

Ila kinachonitia hasira zaidi si hicho. Mke wako anaumwa, na wewe umekaa upande wa pili wa ukuta siku kumi na tisa ukingoja taarifa ya habari ya mtu unayelala naye kitanda kimoja! Unaogopa atanuna? Anune. Anunie kwenye foleni ya hospitali, wewe umemshikia mkoba. Akitaka kwenda kwa mama yake, mpeleke kwanza kwa daktari, halafu mbebee begi.

Toa betri sasa hivi, barua hii utaimalizia baadaye. Skana mrudishie mwenyewe, usipokee nyingine. Mwalimu muombe radhi, na akienda polisi ni haki yake, wewe tafuta wakili useme kweli. Antena utaishusha mkirudi hospitali.

Na jioni hii, kabla ya chakula, mwambie: “Mama watoto, najua kuhusu uvimbe, na kesho tunakwenda wote.” Atakuuliza umejuaje. Mwambie yote, hata ile ngazi. Atafoka, na ana haki ya kufoka, kisha huenda akalia, maana ameubeba mzigo huo peke yake. Hapo funga mdomo umsikilize, safari hii ukiwa umekaa mbele yake.