Gari la Mfuko na Vikao vya Jikoni

17 Mtaa wa Ewing,
Kadina,
Australia Kusini.

12 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Coralie,

Pokea salamu zangu tele, wewe na Torstein wako. Goti linaendeleaje? Binti yetu Tamsin alituambia daktari amekuruhusu kutembea bila fimbo, tukafurahi sana, ila nakujua: ukiruhusiwa kutembea, wewe unapanda mlima. Tulia kidogo. Sisi huku hatujambo. Mvua ilichelewa mpaka Julai, lakini shayiri imesimama vizuri. Kaka yako bado ana kikohozi kilekile cha vumbi la maghala ya nafaka, na unajua alivyo mbishi kumwona daktari.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Simu haifai. Ningekupigia, kaka yako Nev angesimama mlangoni akinisahihisha tarehe. Kuna jambo limetupata, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa binamu yenu Beryl, ambaye huku ameshatufunga jela mara mbili. Kaka yako aliingia matatani na ofisi ya kodi, wifi, na mimi nikaingia naye. Tuko nyumbani, tunakula na kulala, kwa hiyo soma bila wasiwasi.

Unakumbuka miaka minne iliyopita Nev alichoshwa na lile shirika kubwa lililokuwa likitutunzia akiba ya uzeeni. Alisema wanamtumia vitabu vyenye picha za wazee wanaocheka ufukweni, na yeye hajaona mzee wa Kadina anayecheka namna ile. Akaitoa akiba yote, yake na yangu, akafungua mfuko wetu wenyewe. Wanachama ni wawili, yeye na mimi. Wadhamini wa kuusimamia ni wawili, yeye na mimi. Anayetuchunga sote ni ofisi ya kodi. Tulitia sahihi karatasi ndefu ya kukiri kwamba tumeelewa wajibu wetu. Nev aliisoma mara tatu. Mimi niliisoma mpaka sufuria ilipofurika jikoni, nikasaini.

Tangu hapo Jumatano jioni nyumbani kwangu hakuna tena maongezi. Kuna kikao. Sahani zikitoka mezani, kaka yako anavaa miwani, anafungua daftari, anasema, "Wadhamini waliohudhuria ni wawili, hakuna aliyetoa udhuru." Mimi niko mbele yake na kitambaa cha vyombo begani. Kila neno linaandikwa. Siku moja niliuliza kama nimfungulie paka mlango, akaniuliza kama hilo limo kwenye ajenda.

Mwaka jana mfuko ukanunua gari. Ni Holden ya mwaka 1964, ya kijani, kama ile ya marehemu baba yenu, aliyoiuza mwaka ule wa ukame. Nev alisema magari hayo yanapanda bei kila mwaka, kwa hiyo ni akiba nzuri. Nilikubali, maana niliona anavyolishika lile bodi. Ila sheria haina mchezo. Gari la mfuko ni la kutupatia pesa tukistaafu, si la kutupatia raha leo. Haturuhusiwi kuliendesha, hata kulipeleka kwa fundi. Haturuhusiwi kuliweka nyumbani kwetu. Basi likapangishiwa nafasi kwenye banda la Doug Rowe, yule mkulima wa shayiri njia ya Wallaroo, na uamuzi huo ukaandikwa katika daftari kurasa mbili.

Kila Jumapili Nev alichukua kiti cha kukunja na chupa ya chai, akaenda kukaa bandani kulitazama. Halishiki, hapandi ndani, analitazama tu. Doug akaja kwangu siku moja, kofia mkononi.

"Glenys, hivi mumeo yuko sawa kweli?"

"Kafanya nini tena?"

"Anakuja pale kama mtu mwenye ndugu yake jela. Mwisho nitaweka kengele, muda wa kutembeleana ukiisha nigonge."

Nilicheka mpaka machozi. Lakini usiku nilimwonea huruma.

Sasa sikiliza tulipoharibu. Mwezi wa Mei mwaka jana kulikuwa na sikukuu ya mji, na lile gwaride la magari ya kale. Nev alikosa usingizi wiki nzima. Jumatano akaleta hoja mezani. Alikuwa amefikiri sana, maskini. Alisema kuliendesha bure ni kosa, ndiyo, lakini je, mfuko ukimkodishia mwanachama kwa bei halali kama ya mtu baki? Mfuko si utapata faida?

"Mimi naona sawa," nikasema.

"Subiri, bibie. Mimi nina maslahi katika jambo hili. Lazima nitoke nje mlijadili."

"Tulijadili mimi na nani?"

"Wadhamini waliobaki."

Akatoka barazani kwenye baridi, akafunga mlango. Mimi, mdhamini niliyebaki, nikajadili. Nilikula kipande cha mwisho cha keki ya tangawizi, nikamwita. Azimio limepita kwa kauli moja. Akaliandika, tukasaini, akaulipa mfuko dola mia na ishirini kutoka mfukoni mwake, akajiandikia risiti na kujishukuru. Jumamosi akapita mtaa mkubwa kwa mwendo wa konokono, mkono nje ya dirisha, na wifi, sijamwona na uso ule tangu Tamsin azaliwe.

Kila mwaka mfuko lazima ukaguliwe na mkaguzi wa hesabu asiyetujua. Wetu ni Bi Thuy Huynh wa Adelaide, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo. Mwezi wa Machi akapiga simu. Nev akaweka spika ili nami nisikie sifa.

"Bwana Pascoe," akasema, "nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Sijawahi kupokea kumbukumbu zilizopangwa vizuri namna hii."

Kaka yako akanikonyeza.

"Ndiyo maana inaniuma. Gari la namna hii halikodishwi kwa mwanachama kwa bei yoyote ile. Marufuku kabisa. Na hapa mmeniletea azimio, risiti, sahihi mbili, na saa uliyotoka barazani."

"Na saa niliyorudi," akasema Nev.

"Na saa uliyorudi. Itabidi niitaarifu ofisi ya kodi. Samahani sana, Bwana Pascoe, ni sheria."

Angeliendesha kimyakimya bila kuandika neno, labda asingejua mtu. Sikumwambia hivyo siku ile. Nilimwambia kesho yake, nikajuta.

Wifi, zile wiki tisa za kungoja zilikuwa ndefu. Tuliambiwa tunaweza kuvuliwa udhamini maisha, na mfuko ukihesabiwa umekiuka sheria, karibu nusu ya akiba yetu yote inaondoka kwa kodi. Miaka thelathini na mbili ya Nev kwenye maghala, na yangu ishirini na tano kwenye jiko la shule. Nev aliacha kula. Pasti za nyama na viazi nilizompikia zilirudi jokofuni zote. Aliamka alfajiri kusoma daftari lake kama mtu anayetafuta alipodondosha pete. Nilimkasirikia, sifichi, na nilijikasirikia zaidi, kwa kuwa mdhamini niliyebaki nilikuwa mimi, na nilijadili kwa keki.

Barua zikaja mwisho wa Mei. Nasema barua kwa kuwa zilikuwa mbili, yake na yangu. Wadhamini wawili, faini mbili, na marufuku kuzilipa kwa pesa ya mfuko. Lakini udhamini tumebakishiwa, na mfuko umeachwa salama, maana waliona hatukuficha kitu. Tumeagizwa tu tusome kozi ya wadhamini kwenye kompyuta, kila mtu yake, na kufaulu mtihani. Nev alikaa kwenye ngazi za nyuma akalia waziwazi. Nami nikakaa karibu yake, nikalia, halafu nikampasha moto pasti mbili, akazimaliza.

Kwenye mtihani nilimpita kwa alama nne. Mwambie ukimpigia. Yeye hupenda kubishana na swali.

Ila kuna swali moja ndilo lililonifanya nikuandikie. Liliuliza: mfuko una wadhamini wawili, mume na mke, mmoja akifariki, aliyebaki afanye nini, na ndani ya muda gani? Nev alilisoma kwa sauti. Jibu nililijua. Atafute mdhamini mwingine ndani ya miezi sita. Nikabonyeza, ikatokea alama ya kijani. Kaka yako akasema, "Vizuri, bibie," akainuka kwenda kuchemsha maji, na pale kwenye jiko akakohoa kile kikohozi chake.

Wewe unajua niliwaza nini. Baba yenu alikufa akiwa na miaka sitini na moja, alikuwa anapanga kustaafu Krismasi. Nev anatimiza sitini Novemba. Nikaona tunalinda sana raha za uzeeni, na mtu mwenyewe ninayetaka kuzila naye anakaa bandani Jumapili akitazama gari asiloruhusiwa kulipanda.

Kwenye kozi ileile nilikuwa nimesoma kwamba mwanachama anaweza kulinunua gari la mfuko kwa pesa zake binafsi, mradi mthamini asiyehusika apange bei. Jumatano nikaomba nafasi kwenye ajenda. Nikasema nataka kununua gari, kwa zile pesa alizoniachia Mama, nilizokuwa nimeziweka za jiko jipya. Halafu, kwa kuwa nina maslahi, nikatoka barazani.

Nilikaa huko dakika ishirini, wifi! Niliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini daftari liko wazi. Mthamini akaletwa kutoka Adelaide, akapanga bei. Nikamwomba Nev anipunguzie kidogo, dola mia tano tu, mimi ni mkewe.

"Haiwezekani. Bei ni ya mthamini."

"Nev, tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na nne."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," akasema, akaandika kwamba mnunuzi aliomba punguzo na akanyimwa.

Nililipa mpaka senti ya mwisho. Jiko langu la zamani linaendelea kuvuta moshi, nami sijali. Jumamosi iliyopita Doug akafungua milango ya banda akatupigia makofi, peke yake, na nikampa kaka yako ufunguo. Na kuhusu kikohozi, nilimwambia gari ni langu sasa na sharti ni langu: haendeshi mpaka amwone daktari. Alikwenda Jumatatu. Mapafu yana vumbi lakini ni mazima, sifa kwa Mungu, na kapewa dawa ya kuvuta.

Nisalimie Torstein, na wanangu Ingrid na Lars, na yule mjukuu mpya umbusu mashavu yote mawili. Tamsin anawasalimu sana. Doug naye anakukumbuka, anasema unamdai kucheza dansi tangu mwaka 1983. Mungu akuponyeshe goti, akuwekee nyumba yenye joto na watu wa kukaa nao ndani yake.

Salamu za Nev natoa mimi kwa niaba yake, kwa kuwa hayupo. Alitoka na ufunguo saa mbili asubuhi kununua maziwa. Duka liko mtaa wa pili, na sasa ni saa nane mchana.

Ni mimi wifi yako nikupendaye kwa moyo wote,

Glenys