Kuistaafisha Moduli ya Mjomba

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unatembea bila kulitukana. Sisi wazima. Mama anakusalimia, anasema ukimpigia simu usimweleze tena habari za kompyuta.

Jambo lenyewe nimelizunguka wiki nzima. Tunasafisha ile programu yetu huria ya madobi. Unajua wote tunaiandika kwa kujitolea, na sehemu zilizozeeka zinatula muda: tukigusa kipya, cha zamani kinakatika. Tunataka kuiondoa moduli yako, ile inayotuma tiketi za nguo kwenye printa za utepe, zile za kizamani zenye kelele. Moduli mpya inaifanya kazi hiyo hiyo. Tangu Agosti tumeweka onyo: “Sehemu hii itaondolewa. Kama bado unaitumia, tuandikie.” Hakuna aliyeandika.

Kwa desturi yetu moduli haitoki mpaka mwandishi wake aseme sawa. Msimamizi sasa ni mimi, lakini mstari wangu wa kwanza wa programu nilifundishwa na wewe. Naona haya. Sema sawa au sema hapana, ila usininyamazie.

Mpwa wako

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Umeninyamazia. Mama anasema kwenye simu sauti yako ni nzima, kwa hiyo si goti, ni mimi. Wenzangu wanataka kutoa toleo jipya, nimewaomba wasubiri. Mmoja kauliza kama huyu mzee yupo kweli. Nikamwambia yupo, amenuna.

Nisamehe kama nilikuandikia kama ofisi.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti halijambo, mdomo ndio uliokuwa umevimba. Ndiyo, nilinuna. Moduli ile niliiandika nikiwa bado na nywele, nawe unanitangazia kama mtu anayetoa taka. Iliniuma.

Juzi nikapeleka koti kwa dobi wa hapa mtaani. Nikasikia krrr, krrr. Moduli yangu hiyo, inakwaruza tiketi! Nikamuuliza kama ameliona onyo.

“Onyo gani, mzee? Kompyuta iko stoo. Hapa mezani nina kibodi na printa tu. Skrini yenyewe naiona nikifagia.”

Bi Msimamizi, onyo mmeliweka kwenye skrini, na watu wangu wanaangalia karatasi. Lichapeni chini ya tiketi. Na bado sijasema sawa.

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nilicheka mpaka Mama akaja kuchungulia, kisha aibu ikanishika. Tulikuwa tunawakatia watu kazi yao huku tukijisifu kwamba tumewauliza.

Tumelichapa kwenye tiketi, na barua zikamiminika. Dobi mmoja anasema mteja alisoma tiketi iliyobandikwa kwenye suruali akagoma kuiacha, anataka kwanza aambiwe ni sehemu gani ya suruali itakayoondolewa. Wote tumewasaidia kuhamia moduli mpya, na printa zao zinaendelea kukwaruza kama kawaida. Amebaki dobi wako peke yake. Anasema hahami mpaka mzee wa koti aje mwenyewe.

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekwenda, nimemhamisha, tumekunywa chai. Kabla ya hapo nilimwomba atoe tiketi ya mwisho kwa moduli ya zamani, ya koti langu. Ikatoka kama nilivyoipanga nikiwa kijana: “Kazi imekamilika. Mwenyewe amechukua.” Nimesimama pale kaunta nikiitazama, na sikusikia uchungu wowote. Nimefurahi, hata mimi nimejishangaa.

Ombi la kuiondoa nimeliandika mwenyewe, na ndani yake nimeshaifuta; limeshafika kwenu. Sikutaka mtu mwingine aifute. Lipitishe.

Mjomba wako

3 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ombi lako nimelirudisha. Umefuta moduli ukaliacha onyo lake, kwa hiyo madobi wataendelea kutangaziwa kuondoka kwa kitu ambacho hakipo. Aliyenifundisha kazi hii angenichapa kwa kosa hilo. Rekebisha.

Na lile neno bado hujalisema.

Mpwa wako, Msimamizi

3 Mei, jioni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkali wewe! Onyo nimelifuta. Koti limenikaa vizuri.

Sawa.

Mjomba wako